Gauni la Ulaya na Mfuko wa Mama Nabwire

Busia, Jumatano

Na bado nacheka peke yangu. Wiki nzima nimewatambia mafundi wenzangu kwamba mtindo wa gomesi ya Mama Nabwire, gauni lake la sherehe, nautoa kwenye makumbusho ya Ulaya, kwa simu, bila pasipoti. Kwenye tovuti yao wameanika magauni ya karne ya kumi na nane, nyonga pana kama meza. Kiingereza chao kilinishinda mstari wa pili, lakini picha haitaki shule.

Leo mama akaja. Jumamosi bintiye anatambulishwa kwa wakwe, na niliogopa asipopenda atavuka mpaka kwa fundi wa upande wa Kenya.

Nikampa simu. "Mama, hivi ndivyo malkia walivyovaa."

"Malkia gani? Huyu anapita mlango upi?"

Akaikuza picha kwa vidole. "Wewe fundi, hapa ubavuni pako wazi. Mkono unaenda wapi?"

Picha iliyofuata ilikuwa na jibu: mfuko wa kitambaa, umefungwa kiunoni chini ya gauni. Mama akapiga kelele, akajipapasa kiuno. Anao uleule, kama kina mama wote wanaovusha mahindi hapa mpakani.

"Kumbe wenzangu hawakuinua nguo mbele ya watu kutoa pesa! Nishonee uwazi huo. Jumamosi sitaki aibu."

"Ndio huo nilitaka kukuonyesha," nikasema.

Mwongo mimi. Sikuwa nimeuona kabisa. Na bintiye nitamshonea mfuko kama huo wa kitambaa cha maua, bure. Lakini kesho soko zima litasikia jinsi nilivyougundua.