Kamba, Futi na Bia ya Baraka

Mtaa wa Villa Adela,
El Alto, Bolivia.
19 Agosti

Mpendwa Kaka Saturnino,

Shikamoo kaka. Natumaini baridi ya Buenos Aires haijakurudishia kile kikohozi, na wifi anaendelea vizuri na mimba yake. Sisi tunapumua. Mama bado amelazwa, bega limevunjika, ila homa imeshuka.

Nimemaliza salamu. Sasa nisikilize, maana nimekasirika.

Unajua kazi yangu. Miaka kumi na moja nafanya alaimenti, kunyoosha magurudumu yaelekee sawa, katika gereji hii, kwa kamba, chaki na futi, na madereva wa minibasi wananifuata toka Viacha. Eleuterio, mume wangu, alipobadilisha tairodi za gari letu, zile fimbo zinazoelekeza magurudumu ya mbele, nilipima mwenyewe. Matairi yalikuwa yamebanana mbele na kutanuka nyuma kwa karibu upana wa kidole, na usukani ulivuta kulia. Niliomba nusu saa tu.

Wewe ndiye msimamizi wa gari, baba yake wa ubatizo siku ya kulibariki kwa Bikira wa Copacabana, kwa hiyo Eleuterio akakupigia kuomba ruhusa ya kuchelewa. Nilikuwa pembeni, nikakusikia: "Shemeji, bendi imeshapanda basi! Lifike kwa Bikira na maua yake kwanza. Huyo Casilda atapima kamba zake wiki ijayo, kwani gari ni suruali?" Mkacheka wote wawili. Nikakataa kwenda Copacabana, wakaenda na Mama.

Wakalivisha maua, padri akalinyunyizia maji, wakamwaga bia kwenye kila tairi. Mimi pia humwaga, kaka, na namwamini Bikira kuliko wewe. Lakini bia hainyooshi magurudumu.

Wakati wa kurudi, kwenye kona za juu ya ziwa, tairi la kulia lililokuwa limelika upande mmoja hadi nyaya likapasuka. Bonde liko kulia. Jiwe moja ndilo lililolizuia gari, na Mama alikuwa amekaa upande huo.

Hayo ningeyameza. Eleuterio ameomba radhi, analia kama mtoto. Ila wewe ulimpigia Mama hospitali ukamwambia baraka iliharibika kwa sababu mimi nilisusa, kwamba niliwaombea mabaya. Huna haya! Mama amekuamini, wewe ndiye kifungua mimba wake. Tangu siku hiyo nikimletea supu ya karanga anageukia ukutani. Muuguzi ndiye anayemlisha. Mimi, mwanawe, nasimama na bakuli mlangoni.

Nimeumia, Saturnino. Sijawahi kuumia hivi.

Jumapili saa nne asubuhi utampigia. Utamwambia nilitaka kulipima gari na wewe ndiye uliyekataza. Usizungukezunguke. Mkono wake hauwezi kuinuka, kwa hiyo simu nitamshikia mimi sikioni, na nitasikia kila neno.

Msalimie wifi Remedios na Shangazi Tomasa. Mungu amjalie wifi ajifungue salama, na akupe wewe ujasiri wa dakika tano.

Mimi dadako, ninayekupenda hata leo,
Casilda