Programu Isiyofuta Sauti

Kaka yangu Teboho,

Pokea salamu zangu, za mama, na za nyumba nzima ya ukoo wetu wa Simba. Sisi tu wazima, isipokuwa goti la mama, ambalo siku hizi linatabiri baridi kuliko redio, na yule ng'ombe mwekundu aliyevunjika pembe akigombana na mlango wa zizi. Theluji imeshaanguka milimani; huku kwetu bondeni imegusa tu ikaondoka. Mtama haukuwa mbaya. Nasi tunataka kujua u hali gani, unakula nini, unalala wapi, na kama baridi ya huko Welkom, ng'ambo ya mpaka, inakuonea huruma.

Najua hupendi barua. Ulisema barua ni za wakwe na za mahakama. Lakini simu yako haipatikani, na hata tungeonana ana kwa ana ungenicheka kabla sijafika katikati, nami nikichekwa husahau nilichotaka kusema. Basi kaa kitandani uisome yote. Nakuomba hilo kwa jina la baba.

Habari yangu inaanzia kwenye masomo. Chuo kilinipa kishikwambi chenye kalamu yake, kwa ajili ya kazi yangu ya kukusanya sifa za ukoo wetu kutoka kinywani mwa mama. Msimamizi wangu alisema nichague mwenyewe programu ya kuandikia, ila nikishachagua nidumu nayo, kwa sababu mwanafunzi mmoja aliyenitangulia alitawanya kazi yake kwenye programu nyingi hadi mwenyewe akaipoteza. Nikaenda kwa Mwalimu Rapelang, anayefundisha kompyuta shuleni kwetu. Unamkumbuka, yule ambaye suruali zake hazijawahi kuonana na viatu.

Programu ya kwanza aliyoniwekea ilikuwa nadhifu kama ofisi ya benki, lakini ilijiona inajua zaidi yetu. Kila nilipoandika neno la Kisotho ililigeuza la Kiingereza. Babu yetu mkuu, aliyevuka mto mafurikoni na ngao mgongoni, akawa aina ya jibini. Nilipomsomea mama, aliacha kupepeta mtama akaniuliza, "Hicho kidude kinabishana na mimi?" Tukacheka mpaka kuku wakakimbia. Nakuandikia hayo kwa sababu ndicho kicheko cha mwisho nilichocheka bila kugeuka nyuma.

Ya pili ilinipendeza zaidi. Unaandika kwa mkono kama kwenye karatasi, nayo inanasa sauti wakati huohuo. Baadaye ukigusa neno lolote, unasikia kilichokuwa kikisemwa ulipokuwa unaliandika. Niliona nimefika. Mama alikuwa akikaa ukutani panapopiga jua, jiwe la kusagia mbele yake, akisaga na kutamka sifa, nami naandika. Mara nyingi alikatiza katikati ya mstari, akainamisha kichwa kidogo, akasema "Ee," au "Najua," kisha akaendelea. Nilidhani anakumbuka maneno.

Siku moja baada ya vipindi nilibaki darasani kwa Mwalimu Rapelang kuhakiki tahajia. Nikagusa neno. Nikamsikia mama, jiwe linasaga, jogoo anawika. Mama akanyamaza, na katika kule kunyamaza akasema mtu mwingine. Sauti ya mwanamume, ya chini, kama anayesemea ndani ya blanketi. Alipomaliza, mama akajibu, "Ee, najua."

Kaka, uani tulikuwa wawili tu. Nikajiambia ni mpita njia. Nikagusa mahali pengine mama alipokatiza, naye yupo. Nikagusa pengine, yupo. Popote mama alipokatiza, yeye ndiye aliyekuwa anaongea.

Nikampelekea Mwalimu Rapelang. Alivaa hedifoni huku ananitania kwamba hiyo ni redio ya jirani, au nimeficha mchumba nyuma ya nyumba na kishikwambi kimenisaliti. Halafu akaacha kutania. Akazikandamiza hedifoni masikioni kwa mikono miwili. Pale alipofikia yule mtu anacheka, na anacheka kwa kuvuta ndani, kwa kwikwi, kama pampu inayovuta hewa badala ya maji. Unamjua mmoja tu mwenye kicheko hicho. Rapelang alimfundisha, na alimtoa nje ya darasa mara nyingi kwa sababu ya kicheko hichohicho.

Hakusema jina. Alivua hedifoni, akatoka, akaenda bombani akanawa mikono kama mtu aliyetoka mazikoni. Aliporudi alisema programu ile ni mbovu, ina kasoro, nisiiamini, na akaniwekea ya tatu.

Hii ya tatu ndiyo ambayo mwanafunzi yeyote angeichagua. Inafuta kila kisichotakiwa. Upepo haupo, jogoo hayupo, hata jiwe la kusagia halipo. Anabaki mama peke yake, sauti yake safi kama ya kanisani. Niliingiza rekodi zilezile, na yule mtu akafutika. Lakini pale alipokuwa akisemea pakabaki kimya ambacho si kimya cha uani, ni kimya cha kopo lililozibwa. Kisha kutoka ndani ya kimya kile mama anajibu, "Ee, najua." Hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilipomsikia mwenyewe.

Mama alitaka kujisikiliza. Nikamchezea ile safi, nikidhani nitamfurahisha. Alisikiliza uso umekunjamana, kisha akaniuliza, "Na yeye umemweka wapi?"

Nikamuuliza nani.

"Usinifanye mtoto, Lipuo. Ninayeongea naye. Umemweka wapi?"

Nikafungua ya pili. Alifunika mdomo kwa kiganja, machozi yakapita katikati ya vidole. Akasema, "Kumbe hata wewe unamsikia. Nilidhani ni uzee wangu." Akanieleza kwamba tangu mvua za mwaka huu, kila anapoanza sifa za ukoo, Pitso wetu, yule mdogo wako, huja. Hulalamika baridi. Husema maji yamemfika kiunoni. Mara nyingine huuliza kama tumekula, na mama humwambia tumekula, hata siku ambayo hatujapika. Hakumwambia mtu kwa kuogopa kupelekwa kwa waganga au kuombewa na wanawake wa kanisa kwa kelele. "Sifa za ukoo ni kuita watu, mwanangu," alisema. "Mimi naita, yeye anaitika. Kosa langu liko wapi?"

Nikamwendea mjomba Mohlouoa. Alikataa hata kukigusa kishikwambi. Alisema yeye hasikilizi wafu kwenye kioo. Lakini aliniamini upesi kuliko nilivyotarajia. Alisema tangu Pitso ashuke kwenye lile shimo la dhahabu lililofungwa ambalo watu hushuka kwa wizi, huko huko uliko wewe, na shimo likammeza, hatukulia wala hatukuzika, tumekaa tu kama watu wanaosubiri basi. Mtoto asiyezikwa, alisema, husimama mlangoni. Haingii wala haondoki.

Ndiyo maana tukakutumia habari kwamba tutazika blanketi lake na viatu vyake vya Jumapili kando ya kaburi la baba. Ulijibu kwamba tajiri wako wa duka la samani hakupi ruhusa. Kondoo alichinjwa, ukoo ulikuja, mjomba alimwita Pitso kwa majina yake yote akamwambia alale. Mama alinyolewa nywele, akavaa nguo nyeusi, na kwa mara ya kwanza akalia kwa sauti, kilio cha kutoka tumboni, mpaka nikaona mabega yake yakishuka.

Na Pitso akanyamaza. Nilirekodi tena na tena kwa ile programu ya pili: ni jogoo, ni upepo, ni jiwe. Mama hakatizi tena mistari. Anakula, analala. Rapelang akasema sasa hakuna sababu ya kuogopana na mashine, nichukue ile safi, niandike kitabu changu niolewe. Nikakubali, yaani ile safi, si kuolewa. Lakini nitakuambia ukweli, kaka: nilipokuwa nikisikiliza uani palipobaki na majogoo tu, nilimkumbuka.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilifungua ile ya pili kwa mara ya mwisho ili nilinganishe kabla sijaifuta. Mama alikuwa amefikia sifa za watoto wake, akaanza na wewe mzaliwa wa kwanza. Hakukatiza hata kidogo. Nikaandika jina lako. Alipoingia ndani kuangalia chungu, nikaligusa jina hilo.

Safari hii sauti haikutoka mbali. Ilikuwa karibu, kama mtu aliyeinama juu ya bega langu kutazama ninachoandika. Haikulalamika baridi. Ilisema, taratibu kabisa, "Nimemsogezea Teboho nafasi."

Kwa upole uleule, kaka. Mlipokuwa mnalala mkeka mmoja nawe ukichelewa kurudi kutoka zizini, si alikuwa akijibana ukutani na kukuambia hivyohivyo? Alisema kwa furaha. Ndicho kinachonitetemesha. Hakuwa anakuonya. Alikuwa anakungoja.

Nilipiga simu yako mpaka kidole kikauma. Siku iliyofuata mtoto wa mama Malineo, jirani yetu, alikuwa amerudi kutoka huko kwa msiba wa baba yake. Nikamuuliza habari zako za duka la samani. Aliangalia chini akachora kwa kidole cha mguu. Akasema duka uliliacha kabla ya Pasaka. Akasema alikuona sokoni unanunua betri, samaki wa kopo, mikate mingi, na tochi ya kichwani. Nikamwambia labda umeme wenu unakatika. Akanitazama kwa huruma. "Dada Lipuo," alisema, "mtu anayelala nyumbani hanunui hivyo. Zamu yao inashuka shimoni Ijumaa."

Sasa nimekwambia. Najua, na nimejua kabla hujaniambia, na aliyeniambia wa kwanza hakuwa mtoto wa jirani.

Sijui kama unafuata dhahabu au unamfuata yeye. Kama ni dhahabu, mama hajawahi kukuomba dhahabu. Anaomba mtu wa kumshika yule ng'ombe mwekundu. Na kama ni yeye unayemfuata, kama umekuwa ukijiambia kwamba kaka hawezi kumwacha mdogo wake gizani, basi nisikilize mimi niliyebaki. Tumeshamzika. Sikio langu limeshuhudia kwamba amelala. Kilichomwamsha ni wewe. Anasikia hatua zako juu ya kichwa chake.

Mama hajui neno hili la mwisho. Nilimuaga kwamba naitwa chuoni kupeleka jina la programu niliyoichagua, na si uongo wote, kwa sababu nimechagua: ni ile ya pili, pamoja na majogoo yake na upepo wake. Msimamizi akilalamika kwamba ina kelele nitamwambia ndivyo ukoo wetu ulivyo. Siwezi kukaa na programu ambayo ingekuficha usinifikie.

Mjomba Mohlouoa anakusalimu na anasema fimbo yake bado ipo. Mwalimu Rapelang anakusalimu. Mama anakusalimu kwa jina lako la utotoni, ambalo sitaliandika hapa wenzako wasije wakalisoma.

Barua hii haina stempu, kama ulivyoona. Mtoto wa jirani ndiye aliyenielekeza hapa, na mama mwenye nyumba wenu amesema wanawake hawaruhusiwi kuingia vyumbani, na kwamba umelala, kwa sababu leo jioni mnashuka. Amekubali tu kuisukuma chini ya mlango wako. Mimi nimekaa nje, juu ya kreti la soda mbele ya kinyozi, nimejifunika blanketi la mama. Jua bado lipo. Wenzako wameanza kukusanyika na mabegi yao, wananitazama, mmoja ameniuliza namtafuta nani, nikamwambia namtafuta mume asiye na tochi. Dereva wa gari la mpakani ameniambia ataondoka watu wakijaa. Nimeweka shuka langu kwenye kiti cha dirishani, na kiti cha pembeni yake nimemwambia kina mtu.

Usipitie mlango wa nyuma, kaka. Toka kwa huu wa mbele.

Ni mimi dada yako, ninayekutazamia mlangoni,

Lipuo