Kumi na Mmoja wa Kufagia

Tarehe 9 Juni

Mdogo wangu,

"Mwanachuo huyu hana wito wa ualimu. Alivunja utaratibu wa shule mbele ya mkufunzi wake na kuharibu somo lililokuwa likienda vizuri."

Nimekunukuu neno kwa neno, usije ukasema nimekusingizia. Sasa salamu, maana tulilelewa: hujambo? Mgongo unaendeleaje? Wifi na watoto hawajambo? Huku chuoni tu wazima, ila mimi nina hasira, na hasira si ugonjwa.

Somo lililokuwa likienda vizuri. Likienda wapi, mwalimu mkuu? Nilikaa nyuma ya darasa lako la pili, fomu mapajani. Watoto thelathini na tisa walisoma ubaoni bila kukwama hata mmoja, na mimi, mjinga wa miaka hamsini na miwili, nikaanza kufurahi. Ndipo binti, mwanachuo wangu huyo unayemshtaki, akaweka chaki chini. Akasema, "Mkufunzi, nisubiri kidogo, darasa langu halijatimia." Akatoka, akarudi na watoto kumi na mmoja, fagio mikononi, vumbi hadi magotini. Akawaketisha mbele, akaanza upya.

Ndiyo, somo likaharibika. Mmoja alilia. Mwingine alishika kitabu juu chini. Binti akapiga magoti kando ya dawati, akamshika mtoto kidole, akakipitisha kwenye silabi moja ile ile mpaka kengele ikalia. Ninaandaa walimu mwaka wa ishirini huu, na siku ile kufundisha nilikokuona ni huko tu. Halafu wewe unaiandikia kamati ya chuo kwamba hana wito. Ripoti ya mwalimu mkuu ikiwa mbaya, mwanachuo hapati cheti. Unalijua hilo.

Iondoe ripoti yako. Na unieleze ni shetani gani aliyekufundisha kuficha watoto kama sufuria chafu wageni wanapobisha hodi.

Dada yako


Tarehe 15 Juni

Dada,

Shikamoo. Mgongo umetulia, nashukuru. Wifi yako anasema barua yako ameisoma amesimama, haikaliki. Watoto wanamsalimia shangazi yao. Hawajui shangazi amemwita baba yao nini.

Unamtafuta shetani. Fungua fomu yako ya tathmini, ukurasa wa pili, kipengele cha saba: "Wanafunzi wote wanajibu kwa usahihi." Alama thelathini kati ya mia. Nani aliitunga? Mimi sina chuo.

Mwaka wa kwanza uliponiletea wanachuo wa mazoezi, nilikuwekea darasa zima. Unamkumbuka yule kijana mrefu mwenye sauti ya kukwaruza? Watoto walikwama, kama watoto wanavyokwama. Ukampa arobaini na nne, ukaandika "hamudu darasa." Leo anatengeneza simu. Alikuwa mwalimu kuliko mimi. Mwaka uliofuata nikawapa fagio wale wazito wa kusoma, wakafagie uwanja ukiwapo. Wanachuo wako wote wakapata themanini na kitu, na mimi nikapata barua yako ya pongezi. Funika kombe mwanaharamu apite. Na mwanaharamu mwenyewe, unisamehe dada, alikuwa akija na gari la chuo.

Miaka tisa sasa. Huyu binti nilimweleza Jumatatu kama ninavyowaeleza wote. Akaniuliza, "Na mimi nikiajiriwa, wangu nitawapeleka uwanja gani?" Nikamwambia asinifanye rika lake. Kesho yake akanivua nguo mbele yako na mbele ya walimu wangu. Nimeandika nilichoandika. Siiondoi.

Mdogo wako


Tarehe 4 Julai

Dada,

Shikamoo. U mzima lakini? Wewe ukikasirika huandika. Kimya cha wiki tatu kinanitia hofu kuliko matusi, na wifi yako anasema nimeyataka.

Mazoezi ya wanachuo yamekwisha, ila binti bado anakuja kila asubuhi. Anakaa barazani na wale kumi na mmoja. Nilimwambia arudi nyumbani. Akajibu, "Nifukuze kwa maandishi, mwalimu mkuu, hayo unayaweza." Walimu wakacheka, na mimi nikajifanya natafuta funguo.

Jana yule wa kitabu juu chini alinisomea kibao cha mlango wa ofisi: Mwalimu Mkuu. Alisoma polepole mno. Nilisimama pale nikasikia kila silabi.

Kamati inakaa tarehe 20, nasikia. Utasema nini?

Mdogo wako


Tarehe 11 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwili mzima. Mengine usiulize.

Sikuandika kwa sababu nilikuwa safarini. Nilitoa kabatini fomu zote za shule yako, nikamchagua aliyepata alama za juu kuliko wenzake katika miaka hiyo tisa, nikamfuata kazini bila kumwarifu. Darasa safi, ubao umepangwa vizuri. Nyuma kabisa, sakafuni, watoto saba bila madaftari. Nikamuuliza, "Na hawa?" Akanijibu kwa adabu, kama anayenikumbusha somo langu mwenyewe: "Hao ni wa kufagia, mkufunzi."

Fagio uligawa wewe, alama niligawa mimi. Nimezalisha walimu wanaoamini kwamba darasa zuri ni lile lililopunguzwa, nikawavisha majoho na kuwapigia makofi. Lakini usijifariji. Ubovu wa fomu yangu haukusafishi. Wewe ulijua miaka tisa ukanyamaza. Binti alijua siku moja, akafungua mlango. Tena wewe una cheo, nyumba na mgongo mbovu wa kujitetea nao. Yeye alikuwa na cheti tu cha kupoteza.

Nilimwendea mwenyekiti wa kamati. Akasema, "Kipengele hicho kimekuwapo siku zote. Tukikigusa leo, tutaonekana tuliwakosea wa jana." Nikamwambia, tuliwakosea. Akaniomba nipunguze sauti. Sikuipunguza, na makatibu wawili walifungua mlango kuona nani anauawa.

Barua hii nimeinakili kwa wakufunzi wenzangu wote kumi na wanne wanaoketi kwenye kamati, kwa hiyo sasa nasema nao. Tarehe 20, kabla hamjalitaja jina la binti huyu, futeni kipengele cha saba, kwa wino, mbele yangu. Asiyetaka, nitampeleka kwa wale saba. Akae nao sakafuni tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho, kisha arudi kutuambia nani hana wito.

Na wewe, mdogo wangu, usinitumie barua nyingine. Njoo kwenye kikao saa tatu kamili, ripoti yako mkononi. Isome kwa sauti mbele ya binti, kisha uwaambie wote watoto wale kumi na mmoja walikuwa wapi, na nani aliwatuma huko.

Dada yako