Nguruwe Katika Ndoto ya Mama

Kaka Gi-tae,

Salamu zikufikie huko kiwandani Ulsan. Hapa theluji imeanguka taratibu kama unga, na matunda niliyoyaanika barazani yamekuwa matamu. Sisi wazima, ila kabichi za kuchachusha kimchi ya mwaka huu zimechelewa.

Mama aliota nguruwe mnene akiingia jikoni. Si unajua, kwetu nguruwe wa ndotoni ni mali, na ndoto njema haisimuliwi kabla haijatimia. Asubuhi simu ikamwonyesha duka linalouza kabichi kwa nusu bei. Akajisemea, "Nguruwe wangu ndiye huyu!" Akaandika namba zote za kadi ya benki, hadi zile tatu za nyuma, kimyakimya, asije akaharibu bahati.

Kabichi hazikuja. Kadi ni ile uliyomwachia. Benki wameifunga, lakini akiba yako ilikuwa imeshakombwa.

"Mama, si ungeniuliza? Duka lenyewe halina hata anwani!" nikamwambia.

"Ningekuuliza, si ningekuwa nimesimulia ndoto, we mtoto?" akafoka, kisha akalia.

Tumekubaliana asinunue kitu kwenye simu bila kuniita, na kila ndoto anisimulie. Leo asubuhi akaanza: "Nimemwona Gi-tae anapanda kilima chetu, theluji imemjaa mabegani, anacheka..." Ghafla akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mpaka sasa ameketi anatazama njia.

Kaka, njoo. Mwonyeshe kwamba hata ndoto iliyosimuliwa hutimia.

Ni mimi dada yako,
Dal-rae