Nimekaa Eda na Kitabu Chako cha Jini

Mwanangu Zuhura,

Salaam nyingi kutoka chumbani, maana siku hizi sina pengine. Tangu tumzike baba yako nimekaa eda hapa Kerege, nguo nyeupe, mlango wa uani ndio mwisho wa safari zangu. Simu yako haipatikani tangu Mfungo Mosi, basi naandika.

Unakikumbuka kile kitabu cha jini, ulichokuwa ukinisomea nikimenya mihogo? Nilikuwa nakufokea, "Funga hicho, utatuitia watu wengine humu ndani." Unacheka, unazidisha sauti. Mimi na darasa langu la nne nimezoea juzuu na vitabu vya dua tu.

Juzi nimekikuta chini ya godoro lako. Nikasoma Ayatul Kursiyu kwanza, ndipo nikafungua. Nilitaka na kufukiza udi, nikakumbuka mwenye eda hagusi manukato. Nikabaki mimi na jini lako, hatuna hata moshi wa kututenganisha.

Mwanangu, kitabu kitamu. Nasoma kwa kidole, chai inapoa. Yule mtoto aliyemezwa na mtungi nimemlilia. Shangazi yako Mwajuma, anayeniletea chakula, akanifuma. "Wifi, mwenye eda anasoma Yasini, si mashetani." Nikamwambia, "Jini lenyewe linaogopa paka." Akakaa kitako. Sasa hata kawa la chakula hajalifunua, anauliza, "Enhe, katoka yule mtoto?"

Mle mtungini ndimo nilimokukumbuka wewe. Mara ya mwisho ulininong'oneza kutoka Maskati, "Mama, mlango wa huku wanaufunga kwa nje." Nilidhani ndivyo nyumba za matajiri zilivyo. Leo najua kuta zinavyomsogelea mtu. Lakini mimi nimekalishwa na sheria ya dini, na siku ya kutoka naijua. Yako wewe anaijua nani?

Kitabuni, mama wa yule mtoto hakukaa kungoja. Aliinamia mdomo wa mtungi akaita jina la mwanawe mpaka udongo ukapasuka. Hapo nikakifunga kitabu, nikamwita Mwajuma. Mimi siwezi kutoka, yeye anaweza. Kesho anakwenda Msata kwa yule bwana aliyekutafutia kazi, na haondoki barazani kwake mpaka bwana huyo ampigie simu tajiri wako, na Mwajuma akusikie sauti kwa masikio yake.

"Na akikataa?" akauliza Mwajuma.

"Kaa. Chukua na mkeka."

Namjua wifi yangu, bwana yule ataomba radhi kabla ya adhuhuri.

Na mimi huku naita. Kila nikimaliza kusali nalitaja jina lako kwa sauti, Zuhura binti Salumu, dirisha wazi. Majirani watasema eda imenipanda kichwani. Waache waseme. Ukisikia hata kidogo, itika.

Mama yako, wa ndani mwenzio.