Dirisha Walilolipaka Rangi

Amagoro, 8 Machi 2025

Dada Anyait,

Yoga! Salamu nyingi. Amuge sasa hivi amenitafunia kifuniko cha kalamu. Nimekitoa mdomoni, naye ananicheka na yale meno yake mawili. Mko aje huko Butula? Mguu wa shemeji umepona? Simu yangu bado iko kwa fundi, ndiyo unaona karatasi.

Kuna kampuni ya kompyuta ya Nairobi. Vijana wake wanajitolea kufunza bure kila Jumamosi, hapa shule ya msingi. Sisi tulioachia masomo njiani, tukimaliza, kampuni inaturudisha sekondari. Dada, Kidato cha Tatu! Nikaenda na Amuge mgongoni. Kiongozi wao, Quinton, akanizuia mlangoni: "Madam, watoto hawaruhusiwi." Nimwachie nani, na bado ananyonya? Nikasimama nje, dirishani. Kila alichofunza nimekishika.

Mdogo wako,
Apeduno

Butula, 19 Machi

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo. Shemeji yako anachechemea, lakini mdomo wake hauchechemei hata kidogo. Amuge analala vizuri?

Mama Emorut, jirani yako, alipita soko ya hapa akaniambia eti wale wageni walipaka madirisha ya darasa rangi na jina la kampuni, wakapigwa picha, na wewe ukakwangua rangi yao na kijiko cha uji. Mbele ya mwalimu mkuu! Apeduno, umerukwa? Omba msamaha, ukae nyumbani mpaka mtoto aache kunyonya. Shule haihami.

Dada yako,
Anyait

Amagoro, 29 Machi

Dada,

Tuko wazima, Amuge analala kama gunia. Msamaha siombi. Si wangepaka ukuta? Ukuta upo! Walipaka pale pale ninaposomea, nikajikwangulia shimo la jicho langu. Quinton akatoka akauliza ni nani.

"Ni mimi."

"Madam, hiyo ni sheria ya ofisi."

"Ofisi iko Nairobi, boss. Mtoto yuko hapa."

"Na akilia?"

"Kwani wewe hukulia?"

Waliokuwa ndani wakacheka mpaka akarudi kufunza.

Unasema shule haihami. Umri wangu je? Leo tumekuja wamama wanne, kila mtu na wake. Tumetandika leso kwenye kizingiti. Anayetaka kutoka aturuke. Nakuandikia hapa hapa, Amuge akinyonya. Quinton amepigia Nairobi simu, namsikia: "Hawaondoki. Hapana, nimejaribu." Sasa anasukuma madawati, sijui ya nini. Wakinikataa leo, nitakuja Jumamosi ijayo, na ile ingine, hata Amuge aje kwa miguu yake. Kwa hivyo usinitumie tena maneno ya kukaa nyumbani, nitumie ya – ngoja, ananiita. "Mama Amuge! Wewe na mtoto, hapa mbele. Na hao wengine." Dada, titi liko nje, leso imekaliwa, na bado sijakuambia