Upindo wa Vidole Vinne

Ghorofa ya Pili, juu ya duka la rangi,
Jumapili, tarehe 6 Aprili.

Mpendwa wifi yangu,

Nakuita wifi bado. Hakimu alinitenga na kaka yako tu, wewe hukutajwa kwenye hukumu ile, kwa hiyo umenibakia. Goti linaendeleaje? Ulisema daktari kakukataza ngazi, nami ninavyokujua utakuwa unazipanda makusudi ili kumkomoa. Na shemeji je, kikohozi kimemwachia, au bado mnalala vyumba mbalimbali? Huku sote tunapumua. Mgongo wangu unauma kama unavyouma mgongo wa mtu yeyote anayekunja shuka mia nne za hospitali kwa siku, lakini mgongo wangu haujawahi kuwa habari.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Ya kwanza, simu yangu Kibonge anaishika kuliko ninavyoishika mwenyewe. Ya pili imo ndani ya bahasha hii, nawe usiitoe kwanza. Soma mpaka mwisho.

Kwenye salamu zako za mwezi uliopita uliniuliza kama baba na mtoto wamepatana, sasa kwa kuwa pesa ya matunzo imekwisha. Uliuliza kwa upole sana, kama mtu anayekuja kuchungulia sufuria aliyoibandika jikoni kwa mwenzake. Na kweli ni sufuria yako, wifi. Hilo hatujasahau.

Siku ile tulipokaa kwenye ofisi ya ustawi wa jamii, afisa alitaka pesa ipitie benki. Kaka yako alikuwa radhi, mimi nilikuwa radhi. Ukainuka wewe na kitambaa chako cha machozi, ukasema mtoto aende mwenyewe dukani kwa baba yake kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, apokee kwa mkono wake, ili wasisahauliane sura. Afisa akaliona wazo zuri, akaliandika, akaligonga mhuri. Kesho yake ukarudi kwako mbali. Sisi tukabaki na wazo lako.

Kibonge alikuwa na miaka saba. Nilimsuka, nikamvalisha soksi nyeupe, nikampa maagizo mlangoni. Nilimwambia bahasha akipewa asiitie mfukoni. Aifungue palepale, atoe noti, azihesabu mbele ya baba yake moja moja, kwa sauti. Sikuwa na shaka kwamba pesa itatimia. Kaka yako ana mengi lakini si mwizi. Nilichojua ni kwamba Jumamosi duka la fundi cherehani limejaa wateja wanaosubiri nguo zao, nami nilitaka wasikie. Walisikia.

Kaka yako naye si mtu wa kuzidiwa. Mwezi wa pili mtoto alikuta daftari limefunguliwa mezani, lina mistari ya rula: tarehe, kiasi, jina, sahihi. Mtoto wa miaka saba ana sahihi gani? Akaandika jina lake kwa herufi kubwa, ulimi nje. Basi ndivyo walivyokutana miaka yote. Huyu anahesabu, yule anamwonyesha kwa kidole pa kusaini, wateja wanatazama. Jina la Kibonge alilompa mwenyewe alipokuwa mtoto mnene wa mashavu akaacha kulitumia, akawa anamwita wewe. Nimepiga hesabu, ni mara mia moja thelathini na mbili. Sura hawakusahauliana. Hapo wazo lako lilifanikiwa.

Jambo moja nataka ulikumbuke kabla sijaendelea. Vile vigauni alivyokuwa akimshonea kabla hatujaachana, unavikumbuka? Chini alikuwa anaacha upindo wa vidole vinne vizima, ameukunjia ndani, anasema mtoto anakua, nguo imsubiri. Kila baada ya miezi anafumua, anashusha, anapiga pasi, gauni linakuwa jipya. Watu wazima aliwaachia kidole kimoja na nusu, tena kwa kinyongo, maana mtu mzima amekwisha kukua, na kitambaa kinachobaki huwa ni cha fundi.

Baada ya hukumu hakumshonea hata kifungo. Alisema karatasi inataja chakula, mavazi na shule, kwa hiyo mavazi yamo ndani ya bahasha. Vizuri. Sare za shule nikazipeleka kwa fundi anayetazamana naye, ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango. Mara ya kwanza mtoto alipoingia na sare ile, kaka yako aliushika mshono wa bega, akauangalia, akauachia. Kibonge aliponisimulia nilifurahi wiki nzima. Nakueleza ili usije ukadhani mimi ni mtu mwema niliyeonewa.

Sasa nije kwenye mwisho wa matunzo. Februari ndiyo ilikuwa bahasha ya mwisho, maana binti ametimiza miaka kumi na minane na shule amemaliza. Alihesabu, akasaini. Kaka yako akachukua rula, akapiga mistari miwili chini ya jina lake, akafunga daftari na kuwatangazia wateja kwamba mzigo umetua. Akaagiza soda kwa duka zima. Na mzigo wenyewe akaupa soda, ukainywa umesimama.

Aliporudi nilimwambia hongera, umetoka kifungoni, huna haja ya kukanyaga pale tena. Akavua viatu, akaingia ndani. Nikadhani amekubali.

Kumbe mwenzangu ana yake. Alikuwa amepata kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno, na kule wanataka sketi nyeusi au ya bluu nzito, ipite magoti. Akanunua kitambaa kwa pesa aliyoipata kwa kuwafundisha hesabu watoto wa majirani, akakificha chini ya godoro kama kitu cha wizi. Jumamosi ya kwanza ya Machi nikamwona anakitoa. Nilimtajia mafundi saba walio karibu zaidi, pamoja na yule wa sare. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Nataka nione kama atanipokea bila bahasha," akasema.

Nilimjibu vibaya, wifi. Nilimwambia bila bahasha hata kiti hatapewa. Alivaa viatu, akaenda.

Kaka yako alipomwona akadhani amefuata nyongeza, akaanza kumweleza habari za sheria kabla mtoto hajatoa salamu. Kibonge akaweka kitambaa mezani. Basi fundi akaziacha sheria zake, akakipapasa, akavuta tepu iliyokuwa shingoni. Alimwambia ainue mikono. Akampima kiuno, nyonga, urefu, akaandika, akasema wiki mbili. Binti alirudi hapa ameshika kiuno chake mwenyewe pale palipopita tepu. Aliniambia mikono ya baba yake inanuka mafuta ya cherehani. Alikuwa amesahau.

Wiki mbili zile alikuwa akiimba bafuni. Nilichukia kuimba kule. Nilikuwa nakaa jikoni nagonga vyombo.

Siku ya kuchukua sketi alikuta imepigwa pasi, imetundikwa, imefunikwa nailoni. Duka limejaa. Kaka yako akataja bei, na ilikuwa bei ya mteja wa njiani, si hata ya jirani. Kibonge akatabasamu akidhani ni utani. Mwenzake hakutabasamu. Mtoto akatoa pesa yake ya kufundishia, na kaka yako akaipokea, akaihesabu mbele yake, noti moja moja, kwa sauti. Kisha akafungua daftari, lilelile. Chini ya ile mistari miwili akaandika tarehe, akaandika kiasi, na mahali pa jina akaandika "mteja". Akaligeuza upande wa binti yake, akamwonyesha kwa kidole pa kusaini. Alisaini.

Alinisimulia hapa amesimama katikati ya chumba, sketi mkononi. Nami nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza, kwa sababu nilikuwa nimesema, na hakuna raha kama ya mtu aliyesema. Aliningoja nimalize.

"Alihesabu vilevile ulivyonifundisha," akaniambia. Akaitundika sketi nyuma ya mlango, akasema kwa baba yake hatakwenda tena maisha.

Kesho yake mchana alitoka kwenda kununua viatu vya kazini. Nikasema niipige pasi ile sketi, walau nimfanyie hilo, maana nailoni ilikuwa imeikunja. Nikaigeuza ndani nje. Upindo ulikuwa mnene. Nikaweka vidole vyangu juu yake, vikaenea vinne. Nikaweka tena. Ulikuwa umekunjwa kwa uangalifu na kushikizwa kwa mkono, si kwa mashine, kwa mishono ile mirefu anayoipiga fundi akijua atakuja kuifumua yeye mwenyewe. Kwa msichana wa miaka kumi na minane, aliyeacha kurefuka mwaka juzi.

Nilikaa kitandani na sketi mapajani. Nilijua nimeshika nini. Maneno aliyoshindwa kuyasema mbele ya wateja wake ameyakunjia mle ndani, akaamini iko siku yataonekana. Na yangeonekana. Ningemwita Kibonge nikamwonyesha, asingengoja hata kufunga mlango. Nilimwona kabisa akilini mwangu anavyokimbia, viatu vipya miguuni, kwenda dukani kwa baba yake.

Nikachukua mkasi.

Wewe sema utakavyo. Homa zake zote alizilalia mapajani mwangu. Nimevaa koti moja miaka tisa ili yeye avae mawili. Halafu mtu amwite mzigo, amnunulie soda, amtoze bei ya njiani, kisha amrudishe kwa vidole vinne vya kitambaa ambacho mtoto kajinunulia mwenyewe? Nilikata kwa mstari ulionyooka. Shuka zimenifundisha hilo. Nikaacha kidole kimoja na nusu, kipimo cha mtu mzima, nikashona upya kwa uzi wa rangi ileile. Jumatatu akaivaa kwenda kazini, imemkaa vizuri kupita kiasi, hajagundua kitu. Aliniuliza tu nani amepiga pasi nzuri hivi.

Kama najuta? Nikiwa kazini, upindo wa shuka mkononi, najuta. Nikifika nyumbani nikamkuta ananimiminia chai, inapita.

Lakini jana ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na miguu yangu ikanipeleka pale. Sijui nilikwenda kutazama nini. Kile kiti cha karibu na cherehani, ambacho siku zote kinalaliwa na suruali za watu, kilikuwa kitupu, kimefutwa. Kila mlango ukilia fundi anainua kichwa. Uliponililia mimi aliinua, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu hukumu akanisalimu. Nikaitikia. Akakunja tepu, akaikunjua.

"Sketi bado inamtosha?" akauliza.

"Inamtosha kabisa," nikamjibu. "Hakuna tena cha kushusha."

Alinielewa, wifi. Nimeishi na mtu yule, najua anapoelewa. Akainama kutafuta chaki, akaitafuta chini ya meza, akaitafuta ndani ya droo, na chaki ilikuwa mkononi mwake. Nikatoka.

Sasa fungua hiyo karatasi iliyokunjwa. Ndani yake ndimo ulimo ukanda nilioukata, wa bluu, na alama za mishono yake bado zimo. Kuutupa nilishindwa. Kuuweka hapa siwezi, binti anapekua kila droo. Uweke wewe, maana safari yote hii ilianza na machozi yako ofisini. Kaka yako atakuandikia, na sijui utamjibu nini. Kibonge akikuuliza habari za baba yake, mwambie hujui. Ulitaka wasisahauliane sura, basi wewe shika hicho.

Nisalimie shemeji, umwambie anywe dawa aache ubishi. Nisalimie mama mkwe wako na binti zako wote wawili, yule mkubwa mkumbushe deni la picha ya harusi. Kibonge anakusalimu sana. Anakusifu kwa kila mtu kwamba shangazi yake ndiye pekee upande ule aliyemtakia mema, nami huwa nanyamaza.

Mungu akulinde, akuongezee miaka, akuponye goti, na atuepushe na mawazo yako mazuri.

Ni mimi, nikupendaye hata sasa,

Mama Kibonge